Yowe Bila Mwizi

Shambulio la kwanza lilinikuta ndani ya Coaster iliyotoka Mbalizi mchana, tukiwa tumeshaipita Galula na tunaelekea nyumbani Mkwajuni. Nilikaa dirishani, mfuko wa viazi mviringo katikati ya miguu, mtoto wa mama wa pembeni kanilalia begani. Joto la bondeni lilikuwa limeshatupokea. Anayeshuka kutoka Mbeya huvua sweta njiani. Sikuwa nawaza jambo lolote baya. Ghafla moyo ukaruka pigo moja, ukatulia, kisha ukaanza kwenda mbio kwa namna ambayo sikuijua hata enzi za mchakamchaka. Kifua kikabana. Midomo ikafa ganzi, ikafuatia mikono. Nikatazama vidole: vimejikunja, dole gumba limeingia kiganjani, na nilipotaka kuvinyoosha havikunitii. Nikajua nakufa. Sisemi kwamba niliogopa kufa. Nilijua, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumanne.

"Baba, vipi?" mama wa pembeni akauliza. Sauti haikutoka. Akapiga kelele, "Konda, simamisha gari! Mwalimu anazimia huku!"

Nikashushwa, nikamwagiwa maji, nikapepewa kwa kipande cha boksi. Baada ya kama robo saa niliweza kusimama. Mzee mmoja akasema hiyo ni presha. Mwenzake akasema ndiyo, ila ni presha ya kushuka. Dada mmoja akaninong'oneza kwamba nikifika nitafute watu wa kuniombea, kwa kuwa jambo lile si la hospitali. Wote walinitakia heri. Lakini nilipanda tena gari nikiwa na vitu vitatu vya kuogopa ambavyo sikuwa navyo asubuhi.

Miezi miwili kabla ya safari ile tulikuwa tumemzika kaka yangu. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Wakati ule sikuona uhusiano wowote kati ya msiba ule na Coaster ile, na hakuna aliyeniuliza.

Kwetu mgonjwa hununua daftari. Yeyote aliyewahi kwenda zahanati analijua: daftari la shule la kawaida, nyuma lina jedwali la kuzidisha, na ndani tabibu anaandika alichokiona, kisha majibu ya maabara yanabanwa kwa pini juu ya ukurasa. Kwa miezi saba daftari langu lilinenepa kama kitabu cha nyimbo cha mwanakwaya wa zamani. Malaria: hakuna. Taifodi: ipo. Mkojo: mchafu kidogo. Vidonda vya tumbo: huenda. Nilimeza dawa za taifodi mara tatu. Kila mara nilipata nafuu ya siku nne au tano, yaani nafuu ya mtu aliyepewa jina la ugonjwa wake, kisha usiku mmoja moyo ukaniamsha tena.

Kuhusu taifodi hiyo kuna jambo ningependa kila msomaji alijue. Kipimo kinachotumika sana, kinachoitwa kwa jina la daktari Mfaransa Widal aliyekitangaza mwaka 1896, hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili ulishawahi kuwaandaa kumkabili mdudu yule au ndugu zake. Katika nchi ambako wengi wetu tumekunywa maji ya visima na mito tangu utotoni, askari hao wanaweza kuonekana hata kwenye damu ya mtu asiyeumwa chochote. Kwa hiyo mtu mwenye hofu akienda kupima, yumo katika hatari ya kurudi na ugonjwa. Taifodi ya kweli ipo na inaua. Lakini homa haikuwa miongoni mwa matatizo yangu hata siku moja, na lilikuwa swali rahisi kuuliza.

Nyumbani nilianza kazi ya pili ya siku, ya ulinzi wa mwili. Nilinunua Tunduma mashine ya kupimia presha, nikawa najipima kabla ya chai, baada ya chai, na kabla ya kuingia darasani. Ikisoma vizuri, nashukuru, kisha baada ya dakika kumi nahisi huenda sikuifunga vizuri. Nilikuwa nabonyeza tezi za shingo mbele ya kioo hadi zikauma, na zilipouma nikasema, si unaona. Usiku nilimwamsha mke wangu aweke sikio kifuani pangu. "Uko sawa, baba," anasema, analala. Nusu saa, namwamsha tena. Sijui alivumiliaje. Simu nayo, ukiiuliza maana ya maumivu ya kifua upande wa kushoto, haina huruma hata kidogo.

Aliyenitoa kwenye shimo lile alikuwa tabibu kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. "Shikamoo mwalimu," alisema, akalipokea daftari kwa mikono miwili, akalisoma ukurasa kwa ukurasa bila haraka. Hakuna aliyewahi kulisoma lote. Kipimo cha umeme wa moyo nilishafanyiwa Mbeya, damu ilikuwa ya kutosha, sukari sawa. Akauliza nani amefariki karibuni. Nikamweleza habari za kaka. Akanyamaza kidogo, kisha akanibana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni. Kikasoma 98.

"Mwalimu, naomba tufanye jambo moja. Pumua kwa mdomo, haraka haraka, pumzi ndefu, kama mtu anayepuliza moto wa mkaa. Dakika moja na nusu tu. Mimi niko hapa."

Haikufika hata dakika. Midomo ikafa ganzi. Kichwa kikawa chepesi, kuta zikasogea mbali. Vidole vikaanza kujikunja vile vile. Moyo ukaondoka. Nikashika meza nikasema, ndiyo hii, ndiyo hii hii!

"Tazama kidole," akasema. Kifaa kilisoma 99.

Nililia pale mezani, na sioni aibu kuandika hivyo. Kwa miezi saba nilikuwa naamini kwamba hewa inaniishia, kumbe nilikuwa nayo kupita kiasi.

Maelezo aliyonipa siku ile nimeyahakiki vitabuni miaka iliyofuata, na ni haya. Mtu akipumua haraka kuliko mahitaji ya mwili, haongezi oksijeni ya maana, kwa sababu damu ilishajaa. Anachofanya ni kuitoa kwa wingi kabonidayoksaidi, hewa ambayo tulifundishwa shuleni kuwa ni taka tu. Si taka tu. Ndiyo inayosaidia kuiweka damu katika kiwango chake cha asidi. Ikipungua ghafla, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hujibana kidogo, ndiyo kizunguzungu na ile hali ya kuona kama uko ndotoni. Madini ya kalsiamu yaliyo huru katika damu nayo hupungua, mishipa ya fahamu ikawa myepesi kushtuka, ndiyo ganzi ya midomo na vidole kukakamaa. Mtu anayejiona anazama anavuta hewa zaidi, na kila pumzi ya kujiokoa inamzamisha. Pumzi zikishuka tu, kila kitu kinarudi mahali pake, bila dawa wala maji ya kumwagiwa.

Na kwa nini moyo unaanza mbio? Hapa nitumie mfano wa kwetu. Wasukuma walioshuka bondeni na ng'ombe wao wana kitu wanachokiita mwano, yowe la hatari. Likipigwa usiku, kila mwanamume anatoka na fimbo, hakuna anayeuliza kwanza kama kweli kuna mwizi. Ndivyo inavyotakiwa, kijiji kinachosubiri ushahidi kitaamka zizi likiwa tupu. Mwili una yowe lake. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo unasukuma damu kwenye misuli, jasho linatoka kuupoza mwili, tumbo linasimamisha shughuli zake, mboni za macho zinapanuka. Mmarekani Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliieleza hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Dalili zote nilizozihesabu kuwa za kifo ni za mwili wenye nguvu ulioamshwa usiku.

Tatizo linaanza pale wanaume wanapofika na fimbo zao na mwizi haonekani. Katika kijiji cha kweli watu hulaumiana kidogo, wanarudi kulala. Mtu mwenye hofu ya afya harudi kulala. Anasema, kama yowe limepigwa na nje hakuna mtu, basi mwizi yumo ndani ya nyumba. Anaanza kupekua: moyo, mapafu, kichwa. Anaupata moyo ukienda mbio, na kwa kuuona hivyo anapiga yowe la pili. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Oxford, David Clark, aliandika makala iliyobadilisha tiba ya tatizo hili, na kiini chake ni hicho: mashambulio haya ya hofu yanalishwa na tafsiri, na mgonjwa anakisoma kitu cha kawaida cha mwili kama tangazo la maafa. Mbio za moyo peke yake zingeisha. Tafsiri ndiyo inayozirudisha. Ndiyo maana shambulio hupanda hadi kileleni kwa dakika chache, mara nyingi ndani ya 10, halafu likashuka lenyewe. Adrenalini haimwagwi kwa kasi ile usiku kucha, hata ukitaka.

Hili si gonjwa la kisasa la watu wa mjini. Daktari Jacob Da Costa wa Marekani aliandika mwaka 1871 kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliolalamika mapigo ya moyo, kifua na kukosa pumzi, na ambao mioyo yao, alipoichunguza, hakuikuta na ugonjwa wa kuelezea yote hayo. Kiswahili nacho kilikuwa na maneno kabla ya kliniki. Kiherehere, ambacho leo tunamwambia mtu anayejipendekeza, maana yake nyingine ni mapigo ya moyo ya hofu. Kuna jakamoyo. Kuna wahaka. Wasiwasi tumeupata kwa Kiarabu, ambako neno hilo ni la mnong'ono, sauti ndogo inayokusemesha ndani na haichoki. Kila nikizikumbuka siku zile za mashine ya presha naona hakuna jina sahihi zaidi. Washona wa Zimbabwe wanasema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na juu ya neno hilo la bibi zao daktari Dixon Chibanda alijenga kazi yake ya benchi la urafiki tangu mwaka 2006: kina mama watu wazima wa mtaani, wakafundishwa kusikiliza, wakaketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa Harare uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na kina mama hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi huku tatizo la moyo wa hofu tunalikimbia kwa sababu kitu cha kwanza kinachotujia kichwani ni Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma ambayo jina lake tumeligeuza tusi. Ni dhuluma kwa hospitali ile na ni dhuluma kwa wagonjwa. Mtu yuko tayari kumeza dawa za taifodi mara tatu ili tu asiitwe chizi.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya hofu haviligusi, kwa kuwa waliokusudiwa kuvisoma hawaishi Mkwajuni. Vinamwambia msomaji: una afya, acha kujipima. Lakini hapa kwetu, kwenye eneo la Lupa, dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920. Vijana wanashuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wanapandisha mawe, wanayasaga kwenye makarasha ambayo vumbi lake unaliona kwa mbali kama moshi wa jiko. Vumbi lile lina silika, linaweza kuyaachia mapafu makovu, na mapafu yenye vumbi hilo yanapata kifua kikuu kirahisi kuliko mengine. Kwenye mialo, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, wanachanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha wanaichoma ili ibaki dhahabu, na mvuke unaingia kifuani. Zebaki ikijilimbikiza mwilini inaleta mikono kutetemeka, usingizi kupotea, usahaulifu, hasira na woga usio na sababu. Mkataba wa dunia wa kuidhibiti, wa mwaka 2013, umeitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambao watu wake waliumizwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Kwa hiyo mchimbaji wa machimbo ya Saza anaponiambia anatetemeka na halali, siwezi kumjibu kwa mfano wa yowe tu. Huenda mwizi yupo.

Hesabu yangu ni hii. Kachunguzwe mara moja, vizuri, na mtu anayelisoma daftari lote: presha, wingi wa damu, sukari, moyo, na tezi ya shingo ikiwezekana. Nenda haraka, usisubiri kusoma kitabu, kama maumivu ya kifua yanakuja ukifanya kazi nzito na kuisha ukipumzika, au yanashuka mkononi na kupanda tayani. Kama umezimia kweli kweli. Kama miguu inavimba. Kama umekohoa wiki mbili, unakonda, au makohozi yana damu. Ukishachunguzwa na jibu likawa ni hofu, funga daftari. Kupima mara ya sita hakukuongezei usalama; kunaufundisha mwili kwamba kulikuwa na haja ya kupima.

Kuzimia nako nikuambie, maana ndicho wengi wanachokiogopa barabarani na kanisani. Katika shambulio la hofu presha kwa kawaida inapanda, na kuzimia kunataka presha ishuke. Wanaozimia kwa kuona damu au sindano ni kundi jingine. Mimi nimehisi nazimia mara zisizo na idadi na sijazimia hata mara moja, Coaster ile ikiwemo.

Tabibu yule alinipa mazoezi ambayo mke wangu aliyaona ya kitoto. Kukimbia papo hapo uani dakika moja. Kuzunguka kama pia hadi kichwa kilewe. Kupumua kwa mrija wa soda, pua imezibwa, hadi kifua kilalamike. Kila siku, kwa makusudi, kuziita dalili zile zile na kukaa nazo bila kuzifanyia chochote: hakuna kushika mshipa, hakuna maji, hakuna kuuliza. Wenye pumu, ugonjwa wa moyo au mimba wamuulize daktari kwanza. Wiki ya kwanza niliyachukia. Wiki ya tatu, nikizunguka pale uani, niligundua nimechoka kabla ya kuogopa. Pumzi ya taratibu, ya kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta, inasaidia pia, mradi isigeuke hirizi. Ukipumua taratibu huku unachungulia kama kifo kimeondoka, bado unapekua nyumba.

Mashine ya presha nilimpa shangazi yangu, ambaye ana presha ya kweli. Na mke wangu tulipatana: nikimuuliza kama niko sawa, hatajibu. Atasema tu, "Ni lile swali." Usiku wa kwanza nilimkasirikia mno. Nilikaa kitandani moyo ukidunda, yeye kanipa mgongo, na baadaye sana aliniambia kwamba alikuwa macho muda wote, anasali.

Dawa zipo kwa wanaozihitaji, na hazina aibu. Zile za jamii ya fluoksetini na sertralini huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na zinataka uangalizi. Ninachokihofia ni diazepamu za kununua kimya kimya, zinazotuliza leo na kumfunga mtu kesho, pamoja na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa makarasha wanakunywa chupa tatu kwa zamu, halafu wanashangaa mioyo yao.

Mwaka jana, jioni moja, alikuja mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani. Alisikia kwamba mwalimu aliwahi kuugua moyo akapona bila dawa. Anafanya kazi kwenye karasha, nywele zake zilikuwa bado na vumbi jeupe. "Shikamoo mwalimu," akasema, akabaki amesimama hadi nilipomvutia kiti. Moyo unaenda mbio usiku, akaniambia, anaamka amelowa jasho, anajiona anakufa. Nilifurahi, nakiri. Nilikuwa tayari kumwambia habari za pumzi na kumtolea mrija.

"Unakohoa?" nikauliza, karibu kwa mazoea tu.

"Kidogo, mwalimu. Tangu Nanenane."

Tulikuwa mwezi wa kumi. Nikauacha mrija ulipo. Asubuhi tulipanda bodaboda hadi hospitali, mimi na yeye, na tukakaa kwenye benchi la nje upande wa kifua kikuu, ambako kupima na dawa ni bure. Muuguzi akampa kikopo cha makohozi na kumwelekeza namna ya kukohoa kutoka ndani kabisa, nje, penye upepo. Kijana akakishika kwa mikono miwili. Nikaona bega lake likipanda na kushuka, na midomo imeanza kukauka.

"Mwalimu," akasema, "na hii ya sasa hivi, ni ipi?"

Nikamwambia nadhani hii ya sasa hivi ni yowe, atoe pumzi taratibu, itashuka. Ile nyingine hatuijui mpaka kikopo kirudi. Akatikisa kichwa, akainuka, akaenda nyuma ya jengo kukohoa.